Kigingi Namba Ishirini na Saba

Jumatatu, 5 Juni 2023

Leo vigingi vimepigwa. Nimenunua daftari hili dukani kwa Dorika kwa sababu nataka siku hii iandikwe mahali, na daftari la kamati si la mambo ya moyoni.

Shamba la Mgiriki linaanzia nyuma ya zahanati yetu na kwenda mpaka unapoanza kupanda mlima wa Newala, mikorosho mitupu. Mgiriki mwenyewe aliondoka kabla sijazaliwa. Likaja shirika, shirika likafa. Akaja mwekezaji, akaweka mlinzi na bango, akatoweka. Miaka mitano iliyopita serikali ikafuta hati yake, na gari la kipaza sauti likapita hapa likitangaza kwamba shamba sasa ni la wananchi. Miaka mitano. Mtoto aliyezaliwa siku ile ya kipaza sauti sasa yuko chekechea.

Lakini leo Bwana Sharifu, afisa ardhi, amekuja kweli, na vijana wake na ile mashine ya miguu mitatu. Wamegawa vipande sitini na kimoja kwa kaya sitini na moja zisizo na shamba. Mimi nimepata namba 27. Bwana Sharifu ni kijana mpole. Ameniita mama, amesifu mwandiko wangu (mimi ndiye katibu wa kamati ya ugawaji, hayo ni matunda ya shule ya Lulindi), na amesema barua za kumilikishwa zitatoka baada ya wiki mbili, zikichelewa sana tatu. Tusizingoje, kasema. Tupalilie, tupulize dawa ya salfa, kila mtu kipande chake.

Nina sababu ya kuhesabu hizo wiki. Mikorosho ninayookota sasa ni ya marehemu mume wangu, Alfredi, na kwetu mikorosho ya mwanamume hurudi kwa wapwa zake, si kwa mke wala kwa binti. Mpwa wake, Anselmo, amenivumilia misimu mitatu. Pasaka alikuja, akanywa chai, akazungukazunguka, mwisho akasema, "Mama, msimu huu ni wako. Unaofuata ni wangu, nami nimeoa." Sikumlaumu. Nyumba ninayolala imo katikati ya mikorosho hiyo hiyo, kwa hiyo mpaka Krismasi niwe nimetoka.

Alhamisi, 8 Juni

Nimepalilia. Mgongo hauna habari njema.

Jumatano, 14 Juni

Nimegombana na Khalfan, jirani yangu wa kipande namba 28, na sijutii hata kidogo.

Mstari kati yetu umepita katikati ya mkorosho mkubwa kuliko yote upande ule. Kigingi changu kimepigwa karibu na shina, na matawi yamejaa huku na kule. Wapimaji wanaona ardhi, sisi tunaona miti. Korosho hazichumwi, zinaanguka zenyewe, na anayefagia chini ya mti ndiye anayeokota. Huwezi kufagia nusu ya mti. Upepo ukivuma kidogo tu, korosho za huku ziko kule, na hapo ndipo watu wanapoanza kutoleana panga.

Khalfan anasema nusu yake ni nusu yake, atafagia mpaka kwenye kigingi na asimwone mtu. Nikamwambia basi alete msumeno. Akasema mimi nimezoea kuwasimamia watoto wa Sunday school, yeye si mmoja wao. Kwa kweli mtu huyu ana roho ngumu. Nilishamwona hivyo tangu msiba wa Alfredi, alipokuja akakaa dakika tano.

Jumapili, 18 Juni

Siku nzuri. Nimechoka lakini acha niandike.

Kumbe si sisi tu. Mistari imekata mikorosho kumi na tisa. Mzee Yassini, mwenyekiti wetu, akaitisha mkutano palepale shambani saa nne asubuhi, baada ya ibada yetu. Walikuja wote sitini na mmoja. Mzee akaomba dua, katekista akasali, tukaanza. Tulikubaliana hivi: kila mti uliokatwa na mstari uende kwa mwenye miti michache, na anayeukosa afidiwe ardhi tupu upande mwingine. Tukaenda kigingi kwa kigingi. Watu walipima kwa hatua, wakabishana, wakacheka, wakang'oa, wakapiga upya. Hakuna aliyeshikana shati na mwenzake. Ningependa wale wa wilayani wangekuwepo wajifunze.

Wangu ulikuwa wa nane. Khalfan ana miti ishirini na miwili, mimi kumi na tisa, kwa hiyo mkorosho ukaja kwangu. Kigingi kilihama hatua nane kuelekea kwake. Khalfan alinuna, akatia sahihi, akaondoka bila kuaga.

Nimeandika muhtasari wa kurasa tatu. Nani kang'oa kigingi gani, hatua ngapi, upande upi, nani shahidi. Tangu nianze ukatibu sijaandika muhtasari mzuri kama huu.

Jumatatu, 26 Juni

Wiki ya tatu imekwisha leo. Barua hazijaja.

Jumatatu, 3 Julai

Mimi na Mzee Yassini tumekwenda wilayani. Bwana Sharifu yuko semina. Yule dada wa mapokezi hakuinua macho kwenye simu. Mzee Yassini, mwenye miaka sabini na mitatu, alisimama akimngoja amwamkie. Hakuamkiwa. Njia nzima ya kurudi niliona aibu kana kwamba yule binti ni wangu.

Jumatano, 19 Julai

Wilayani tena. Bwana Sharifu yuko likizo.

Maua yamefunguka. Nimepuliza salfa miti yangu kumi na tisa pamoja na ule wa mpakani, ishirini. Nilirudi nyumbani mweupe kuanzia kichwani, macho yanawaka. Upendo, binti yangu anayefundisha Mnyambe, amenipigia simu akaniuliza kwa nini natibu miti nisiyo na karatasi yake. Nikamwambia ubwiriunga, ule ukungu unaoua maua, hausubiri karatasi.

Jumanne, 8 Agosti

Nane Nane. Redioni wamesema mkulima ni uti wa mgongo wa taifa. Nimezima.

Alhamisi, 24 Agosti

Hatimaye! Wilaya imeandika. Barua za kumilikishwa ziko tayari, zinangoja sahihi tu, na wanaomba jalada la kamati ili wahakiki majina. Nimelifunga vizuri kwenye bahasha ya khaki: orodha ya kaya, namba za vipande, na juu kabisa muhtasari wangu wa tarehe 18 Juni, waone tulivyofanya kazi kwa uadilifu. Mzee Yassini aliuliza kama ni lazima huo muhtasari uende. Nikamwambia, "Baba, hatuna la kuficha."

Jumanne, 12 Septemba



Bwana Sharifu amekuja asubuhi na gari, na mtu mwingine mwenye miwani ambaye hakutambulishwa. Waliingia shambani bila kupita ofisi ya kijiji. Waliporudi tuliitwa kamati nzima kwenye darasa la shule. Bwana Sharifu alikuwa na muhtasari wangu mkononi. Akausoma kwa sauti, kurasa zote tatu, hatua nane hatua tano hatua kumi na moja, na majina yote. Niliusikiliza nikaona bado umeandikwa vizuri. Hapo ndipo nilipopata hofu.

Alipomaliza akaniuliza, "Mama, nani aliwaruhusu kugusa alama za upimaji?"

Nikasema tulizihamisha ili tusigombane. Nikamweleza habari ya mkorosho na kufagia. Nilimweleza kama ninavyomweleza mtoto, polepole, na nadhani alinielewa, maana alitazama chini. Yule wa miwani ndiye aliyejibu. Kung'oa alama ni kosa la jinai. Upimaji umeharibika, utarudiwa wote. Bajeti ya kuurudia haipo mwaka huu wa fedha. Mpaka utakaporudiwa, shamba ni la serikali na korosho zilizomo ni za serikali, na zitauzwa kwa zabuni zikiwa shambani. Asionekane mwananchi anaokota.

Mzee Yassini akauliza nani aliyepalilia. Nani aliyepuliza. Mtu wa miwani alikuwa anafunga mkoba.

Nimekasirika mpaka nimeshindwa kula. Miaka mitano wameshindwa kutoa karatasi sitini na moja, lakini imewachukua wiki mbili na nusu kugundua kigingi kimehama hatua nane! Tulipokwenda wilayani hakukuwa na mtu. Leo gari lipo, mafuta yapo, mtu wa miwani yupo. Na mimi ndiye niliyewapa. Nimewafungia kwenye khaki kwa mikono yangu nikitaka nisifiwe mwandiko. Hilo nitalibeba mwenyewe, lakini sitabeba na la kwao.

Wakati wa kutoka, Khalfan alisimama mlangoni. Nilijua atanisimanga na nilikuwa tayari. Alisema tu, "Mama Upendo, usilie mbele yao." Sikuwa nalia. Nilikuwa karibu.

Ijumaa, 29 Septemba

Korosho zimeanza kuanguka. Zabuni haijatangazwa.

Wamesimamisha bango la kukataza watu kuingia, na wameajiri mlinzi: Nathanaeli, mwenye kipande namba 40. Analipwa ili asijiibie mwenyewe. Ananisalimu kwa kuangalia pembeni, maskini.

Alhamisi, 5 Oktoba

Zabuni haijatangazwa. Mabibo yanaoza chini ya miti, na harufu imefika mpaka kanisani. Korosho zimelala juu ya majani kwa sababu hakuna aliyefagia. Nimepita kando ya barabara nikaziona. Mtu aliyezaliwa huku hawezi kupita korosho iliyoanguka bila kuinama. Nimepita wima, na shingo imeniuma kuliko mgongo wakati wa kupalilia.

Kwenye mikorosho ya Alfredi nimeokota vizuri. Ni mara ya mwisho.

Jumanne, 17 Oktoba

Bwana Sharifu amekuja peke yake, kwa pikipiki. Amekuja nyumbani kwangu, si ofisini. Akaamkia, akakaa, akakubali maji. Akasema kuna njia. Wakubwa wanataka faili liwe na mtu. Nikimwandikia majina mawili ya walioongoza kung'oa vigingi, au hata moja, wengine wote watahesabiwa kuwa walidanganywa, na barua zao zitatoka ndani ya mwezi bila kungoja upimaji mpya. Yangu ikiwemo.

"Hata jina moja, mama," akasema. "Nakusaidia."

Aliniacha na karatasi nyeupe. Nimekaa nayo kuanzia saa saba mpaka jua linapungua.

Niandike ukweli hapa, kwa kuwa hakuna mahali pengine. Jina lilikuja lenyewe. Mwezi wa sita ningeliandika huku nachekelea. Khalfan alibishana na kila mtu siku ile, aling'oa vigingi vinne kwa mikono yake kwa sababu ana nguvu, na kila mtu alimwona. Ningeandika Khalfan, nisingekuwa nimesema uongo hata neno moja. Na Krismasi Anselmo angenikuta na pa kwenda.

Nikaenda kwa Mzee Yassini kumwonyesha karatasi, nikamkuta Khalfan ndiye aliyekuwa akimkatia kuni. Sikujua kuwa humkatia kuni. Mzee akanieleza kwamba huja kila Jumanne, mwaka wa pili sasa, na hakai hata dakika kumi, ndivyo alivyo. Nikawaambia wote wawili alichosema Bwana Sharifu. Khalfan akaweka shoka chini.

"Niandike mimi," akasema. "Mimi nina dada Chiwata mwenye shamba. Wewe huna."

Nimekuwa nikimsengenya mtu huyu miaka minne kwa sababu ya dakika tano za msibani.

Nimerudi nyumbani nikaitandaza ile karatasi nyeupe, na sasa nina hasira ya kutosha kuijaza. Nimeandika majina sitini na moja. La kwanza ni langu. Kesho nitazunguka kukusanya sahihi na dole gumba.

Ijumaa, 20 Oktoba

Sahihi na dole gumba sitini na moja. Nathanaeli mlinzi naye ameweka lake, kisha akarudi lindoni.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimempa Bwana Sharifu karatasi mkononi. Akaisoma, akasema, "Mama, hii hainisaidii." Nikamwambia najua. Akasema haitakusaidia na wewe. Nikamwambia hilo nalo najua. Sasa hivi ndipo nilipogundua kwamba hakuwa mbaya siku zote hizo, na hilo limeniudhi zaidi. Mbaya ningemchukia nikamaliza. Huyu anajua haki iko wapi, na kila siku anakunja suruali yake akairuka kama dimbwi la maji.

Alhamisi, 9 Novemba

Zabuni imetangazwa leo, kwenye ubao wa matangazo wilayani, baada ya wiki sita za korosho kulala chini. Mvua za kwanza zilinyesha jana.

Alhamisi, 23 Novemba

Mvua siku nane mfululizo. Mnunuzi alikuja na lori, akaingia shambani, akakata korosho tano kwa kisu, akazitazama ndani, nyeusi, akageuza lori. Hakuna aliyeokota. Si sisi, si serikali, si mnunuzi. Nyingine zimeanza kuota miche pale zilipo. Shamba zima la chakula cha watu limeozea chini ya bango linalokataza watu kuingia. Nimeuliza kijijini kama kuna anayejua ni nani atakayeandikiwa barua kwa kosa hilo. Watu walicheka, lakini si kicheko cha kufurahi.

Jumamosi, 2 Desemba

Anselmo amekuja na mkewe kuangalia nyumba. Mkewe ni binti mzuri, ana mimba, alipima dirisha la jikoni kwa kitenge akidhani simwoni. Wamesema hata baada ya Krismasi si neno. Nimewaambia nitaondoka kabla. Upendo anasema niende Mnyambe kwake, kwenye chumba kimoja cha mwalimu. Nimekataa. Mimi nina kipande namba 27.

Jumanne, 5 Desemba

Bajeti isiyokuwepo imepatikana. Bwana Sharifu, vijana wake, mashine ya miguu mitatu. Wamepima shamba lote upya siku moja, chini ya manyunyu.

Nilisimama kwenye kipande changu nikiwaangalia. Kijana aliangalia mashine, akaangalia karatasi, akaenda kulia, akarudi kushoto, akapiga kigingi. Karibu na shina la mkorosho mkubwa. Palepale. Tundu la kigingi cha mwezi wa sita lilikuwa bado linaonekana, na hiki wamekitumbukiza humo humo.

Nilimwita Bwana Sharifu. Nikamwuliza kama miezi sita yote hii, na msimu mzima wa korosho uliooza, ilikuwa ya kurudisha kigingi kwenye tundu lake. Akasema ramani ni ileile, mama, ndiyo utaratibu. Na barua? Barua ni mwaka wa fedha ujao, mwezi wa saba, zikichelewa sana wa nane.

Khalfan alikuwa upande wake, mikono nyuma, anakitazama kigingi.

Alhamisi, 7 Desemba

Nimehama. Watu kumi na wawili wamenijengea kibanda cha nguzo na makuti kwenye kipande namba 27, hatua chache kutoka kwenye bango. Nathanaeli amekuja kunifukuza kama kazi yake inavyomtaka. Alinifukuza kwa sauti, akiwa ameshika upande wa pili wa kitanda changu, na alipomaliza kunifukuza tulikuwa tumeshakiingiza ndani.

Sina karatasi yoyote. Wakija wataniona, na mwandiko wangu wanaujua.

Jumamosi, 9 Desemba

Nimeamka, nimetoka nje, nimeona kigingi kiko mbali. Nimepiga hatua: nane. Mkorosho wote uko upande wangu, matawi yake yote, na udongo kwenye tundu la zamani umeshindiliwa na kuwekewa majani juu.

Khalfan alipita na jembe begani, anakwenda kupanda mahindi. Nikamwamkia, nikamwuliza kama ameona mtu huku.

"Nimeona mawingu," akasema. "Fagia mapema, Mama Upendo."

Nimefagia chini ya mti mzima, huku na kule. Nyingi zilikuwa zimeoza, lakini zilizochelewa kuanguka bado ni nzima, zimejaza kikapu. Nusu nimempelekea Somoe, binti yake Khalfan, naye amezipokea bila kuuliza ni za nini.

Mkutano haukukaa, na katibu hana cha kuandika. Haya nimeyaandika humu, na daftari hili haliendi wilayani.